Daktari na Wanawe, Mtunza Wazee Peke Yake
Tangu Machi 11, 2024, mtunza wazee anayeajiriwa Uingereza kutoka ng'ambo haruhusiwi kufuatana na mwenzi wala watoto. Daktari anayeingia kwa viza hiyohiyo ya wahudumu wa afya anaruhusiwa. Watetezi wa sheria hiyo husema wahamiaji wamezidi, na kwamba mwenye ujuzi mkubwa hulipa kodi zaidi. Hoja ya kodi tunaielewa, na kila nchi ina haki ya kuweka kikomo. Lakini kuipokea kazi ya mama na kumkataa mwanawe, hilo twaliona dhuluma. Mzee asiyejiweza humngojea nani alfajiri, kama si yule amwoshaye na kumlisha? Julai 2025 mlango wa kuajiri watunzaji wapya kutoka nje ulifungwa. Waliokwisha kuingia chini ya sharti hilo wangali wakiwahudumia wazazi wa wenzao, huku baadhi ya watoto wao wakilelewa na bibi.