Je, Wajua? Mtaa Unaotokea na Mtaa Usiotokea

Sogea kidogo kwenye benchi nikuambie. Je, wajua kwamba kutoka kona moja ya Kariakoo, Dar es Salaam, hadi kona iliyo mitaa 4 mbele na mitaa 4 kulia, kuna njia 70 za kupita bila kurudi nyuma? Na zote zina urefu uleule! Fanya mitaa iwe 10 kwa 10, njia zinafika 184,756. Usianze kuzihesabu, chai itapoa.

Sasa hamia kule kwenye mtaa wenye mdomo mmoja, usiotokea popote. Tipa la mchanga likikwama pale mdomoni, njia zako ni ngapi? Sifuri!

Unajua mitaa mingi ya New York ilichorwa kabla ya kujengwa? Mwaka 1811 jiji lilikuwa na watu wasiofika 100,000, wamejibana ncha ya kusini ya kisiwa cha Manhattan. Wakubwa wakachora barabara kuu 12 na mitaa 155 ya kukatiza, juu ya mashamba na vilima vya watu! Mingi ya mitaa hiyo inakanyagwa mpaka leo.

Huko huko Marekani, ukiwa katikati ya jiji la Portland unakutana na njia panda kila baada ya mita 61 hivi. Salt Lake City? Tembea mita 200 ndipo uone kona. Vaa viatu vizuri.

Hili ndilo linaloniacha mdomo wazi. Mwaka 1990 Atlanta ilikuwa na watu milioni 2.5, Barcelona milioni 2.8. Barcelona ilienea kilomita za mraba 162. Atlanta, yenye watu wachache zaidi, ilitawanyika kwenye 4,280! Mara 26, rafiki yangu.

Turudi nyumbani. Dar es Salaam ya mwaka 1967 ilikuwa na watu kama 273,000. Sensa ya 2022 ikakuta 5,383,728. Karibu mara 20, ndani ya umri wa babu mmoja!

Na Kigamboni je? Posta, katikati ya jiji, unaiona ng'ambo ya maji pale, lakini kuifikia ilikuwa lazima usubiri pantoni au uzunguke na gari mpaka Kongowe. Aprili 2016 likafunguliwa daraja la mita 680 tu, mbali ikawa karibu.

Haya, jioni ukirudi nyumbani hesabu: mtaa wako una midomo mingapi?