Mkia wa Herufi Sita
Mwaka 2014 jiji la Johannesburg lilipata kikoa chake cha ngazi ya juu, yaani mkia wa jina la tovuti, .joburg, lakini baadhi ya programu za zamani, zilizoandikwa kwa kudhani kwamba mkia hauzidi herufi nne, hulikataa jina kama mfano.joburg, kosa ambalo ni la uvivu zaidi kuliko la ufundi. Kanuni yenyewe ni pana: kila kipande kati ya nukta huweza kuwa na herufi, tarakimu na vistari, mradi kisianze wala kuishia kwa kistari, wala kisizidi alama 63. Anwani za mtandao zinazoandikwa kwa namba badala ya majina nazo zina mtego wake, kwani sehemu iliyoandikwa 010 programu moja huisoma kumi, na nyingine, ikihesabu kwa kizio cha nane, huisoma nane.