Udongo wa Birjinni: Namna Maabara Inavyotambua Masalio ya Silaha za Kemikali

Silaha za kemikali ni nyepesi kukanwa. Risasi huacha ganda na kovu, ilhali sarini huvukiza upesi, na ile inayosalia ardhini huvunjwavunjwa na maji. Mkemia anayefika baada ya miaka kadhaa hutafuta nini basi?

Kisa cha Birjinni, kijiji cha Wakurdi kaskazini mwa Iraki, kinalijibu swali hilo barabara. Mnamo Agosti 1988 ndege za jeshi la Iraki zilikidondoshea mabomu kijiji hicho. Walionusurika walisimulia habari za sumu. Serikali ya Baghdad ilikana kuwatilia Wakurdi sumu. Mwaka wa 1992, wajumbe wa Physicians for Human Rights na Middle East Watch walichota udongo katika mashimo yaliyochimbwa na mabomu hayo, nao ukapelekwa katika maabara ya Porton Down, Uingereza. Miaka minne ya mvua na theluji ilikuwa imekwisha kupita.

Ajabu ni kwamba maji yayo hayo yanayoiangamiza sarini ndiyo yanayoandika ushahidi wake. Maji huibandua florini kutoka katika molekuli ya sarini, ikabaki asidi ya isopropili methilifosfoniki. Baadaye, polepole mno, asidi hiyo nayo hugeuka kuwa asidi ya methilifosfoniki. Hapo maji hugonga mwamba, kwa kuwa kifungo kilichopo baina ya fosforasi na kaboni hakivunjwi nayo kwa urahisi. Kati ya masalio haya mawili, la kwanza ndilo lenye uzito zaidi, kwani huelekeza kwa sarini yenyewe. La pili huweza kutokana na sumu nyingine za jamii hiyo.

Kuyaona si kazi rahisi. Udongo huoshwa kwa maji au kimiminika kingine ili uachilie kilichomo. Kwa kuwa asidi hizi hazivukizi vyema, mkemia huziunganisha kwanza na kemikali nyingine, kisha huzipitisha katika mtambo wa kromatografia ya gesi, unaotenganisha viambata kimoja baada ya kingine. Kila kimoja huingia katika spektrometa ya masi, kikavunjwa vipande na vipande hivyo kupimwa. Mpangilio wa vipande hulinganishwa na ule wa kiambata halisi kinachojulikana. Aidha, udongo usioshukiwa hupimwa vivyo hivyo, isije ikawa maabara imejichafulia sampuli yake.

Porton Down ilizipata asidi zote mbili, kwa viwango vidogo mno. Ilipata pia masalio ya sumu ya haradali, na hata chembe za sumu yenyewe. (Jina hilo linapotosha: si haradali, wala katika joto la kawaida si gesi, bali ni kimiminika chenye mafuta mafuta.) Sumu hii haichanganyiki vyema na maji, tone lake huweza kujifunika utando na kudumu ardhini kwa miaka.

Matokeo yalitangazwa mwaka wa 1993, na maelezo ya kitaalamu yakachapishwa mwaka uliofuata. Maneno ya wanakijiji, yaliyokuwa yamekanwa, yakawa sasa yana udongo wa kuyathibitisha.