Mdogo wangu alinawa, mbona bado aliugua?



Siku moja nilikuwa na klabu ya afya ya shule katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Kongwa, hapa Dodoma. Tulizungumzia trakoma, ugonjwa wa macho ambao wengi tunauita vikope. Nikasema, "Watoto wanawe uso kila siku." Binti mmoja akanyoosha mkono.

"Dada, mdogo wangu tunamnawisha kila asubuhi na bado aliugua. Mtoto wa jirani hanawi, na macho yake ni mazima. Sasa kunawa kunasaidia nini? Na maji yenyewe tunayafuata mbali!"

Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka. Bibi yake yule binti haoni kwa sababu ya vikope, na swali lake lilikuwa la haki. Siku ile nilimjibu juu juu tu. Leo nataka nimjibu vizuri, na wewe msomaji usikilize.

Vikope vinaletwa na nini?

Vinaletwa na bakteria. Huenea kwa mikono, kwa nguo za kujifutia na kwa nzi wanaofuata tongotongo na makamasi. Mtoto akiambukizwa tena na tena, kope lake hupata makovu upande wa ndani. Akiwa mtu mzima, nywele za kope hugeukia ndani na kukwaruza jicho, na mwisho wake ni upofu. Akina mama huumia zaidi, maana ndio wanaokaa na watoto.

Kwa nini mtoto mmoja hatoshi?

Kwa sababu bahati nayo ina mkono wake. Mtoto anaweza kunawa na bado akapata nzi wa jirani. Mwingine hanawi akasalimika. Ukitazama watoto wawili, huwezi kujua kilichofanya kazi ni kunawa au ni bahati. Tuone kwa sarafu.

Jaribu mwenyewe

Rafiki yako anadai sarafu yake ya shilingi 200 inapenda kuangukia upande wa Karume kuliko wa simba. Wewe anza kwa kubisha: "Sarafu hii ni ya kawaida, haina upendeleo." Wataalamu wa takwimu huita kauli hiyo nadharia tete ya "hakuna tofauti". Sasa irushe mara 10.

Karume katokea mara 7? Usishangae. Watu 100 wakirusha sarafu ya kawaida mara 10 kila mmoja, kama 17 hivi watapata Karume mara 7 au zaidi. Je, akitokea mara 9 au 10? Hapo ni kama mtu 1 tu kati ya 100. Sasa una sababu ya kuacha ubishi.

Wataalamu wengi huweka mpaka kwenye 5 kati ya 100. Jambo ambalo bahati peke yake ingelileta kwa nadra kuliko hapo, hawalihesabu tena kuwa ni bahati tu. Lakini angalia: hiyo haina maana kwamba tuna uhakika kamili. Tunasema tu kwamba kama tofauti isingekuwepo, matokeo ya namna hii yangekuwa nadra.

Kongwa walifanyaje?

Swali la yule binti lilishapimwa hapa hapa Kongwa, na matokeo yalichapishwa mwaka 1995 katika jarida la kitabibu la The Lancet. Watafiti walichukua vijiji 6, jozi 3. Vijiji vyote vilipewa dawa ya macho ya tetrasaiklini. Katika kila jozi, kijiji kimoja kilichaguliwa kwa bahati nasibu kipate pia kampeni kali ya kunawisha watoto uso. Kwa nini bahati nasibu? Ili mtu asije akachagua vile vijiji vyenye maji mengi halafu akasifia kunawa! Wakafuatilia watoto 1,417 wa miaka 1 hadi 7 kwa mwaka mzima.

Jibu likawaje?

Kwa trakoma kali, kipimo cha hatari katika vijiji vya kunawa kilikuwa 0.62. Kama kusingekuwa na tofauti, kingekuwa 1. Watafiti wakatoa na mipaka ya makadirio yao: kati ya 0.40 na 0.97. Mipaka yote miwili iko chini ya 1, kwa hiyo ni vigumu kusema ni bahati tu.

Lakini walipohesabu trakoma yote, kali na isiyo kali, tofauti haikuwa kubwa ya kutosha kuitenga na bahati. Je, hiyo ina maana kunawa hakusaidii? Hapana! Ina maana ushahidi ule haukutosha kuamua. Vijiji 6 ni vichache, kama kurusha sarafu mara chache.

Basi kuna makosa mawili ya kuepuka. La kwanza ni kuona tofauti ambayo haipo. La pili ni kusema "hakuna kitu" wakati tofauti ipo, ila hukupima vya kutosha.

Kwa hiyo, mdogo wangu...

Kunawa si hirizi. Hakumhakikishii mtoto yeyote kwamba hataugua. Kunapunguza hatari, hasa ya ule ugonjwa mkali, na kupungua huko huonekana ukihesabu watoto wengi. Huyo mdogo wako aendelee kunawa, na maji kidogo tu yanatosha kuondoa tongotongo. Dawa ikigawiwa kijijini, familia nzima itumie. Na bibi au mama ambaye kope zinamchoma, mpelekeni kituo cha afya mapema, kwani kuna upasuaji mdogo wa kugeuza kope.

Na siku nyingine mtu akikuambia, "Dawa hii ni kiboko, jirani yangu kapona," muulize kwa heshima: wangapi walitumia? Wangapi hawakutumia? Na hao nao wangapi walipona?