IST na ndugu zake: bei ya gari dogo hutoka wapi

Tangazo la gari jijini Dar es Salaam huanza na herufi. IST namba D. Vitz namba C. Passo namba E, haijarudiwa rangi. Herufi hiyo ni ya kwanza kati ya tatu za mwisho kwenye kibao cha namba, na madalali wameifanya kipimo cha umri: kadiri inavyosogea mbele katika alfabeti, ndivyo bei inavyopanda. Kipimo hiki kina kasoro moja kubwa. Kinasema gari lilisajiliwa lini Tanzania, hakisemi lilitoka lini kiwandani. IST ya mwaka 2003 iliyokaa Japani miaka kumi na minane ndipo ikapandishwa meli itavaa namba D, na Vitz ya mwaka huohuo iliyotangulia kuja itavaa B. Yote mawili ni rika moja, lakini moja linauzwa kama kijana na jingine kama mzee. Mnunuzi mwenye akili huomba kadi ya gari, akasoma mwaka wa kutengenezwa, kisha ndipo akaongea bei.

Katika magari madogo ya bei nafuu, Toyota IST ndiyo inayoweka bei ya soko zima. Toyota ilianza kuiuza Japani mwaka 2002, ikiwa imejengwa juu ya chasisi ya Vitz, kwa injini ya cc 1,300 au 1,500 na giaboksi ya otomatiki ya gia nne. Marekani iliuzwa kwa jina la Scion xA, ikadumu sokoni miaka michache tu. Kwetu imepata maisha ya pili ambayo walioibuni hawakuyawazia. Uber ilipoingia Dar es Salaam mwaka 2016, na Bolt ikafuata ikiwa bado inaitwa Taxify, madereva walihitaji gari lenye milango minne, kiyoyozi, mafuta kidogo, na paa la juu kiasi kwamba abiria haingii ameinama. IST ilikidhi yote hayo. Gari likafuatwa na spea. Leo ukienda Gerezani au Kariakoo kuuliza bushi, shokapu au pedi za breki za IST, muuzaji hakuulizi swali la pili, anakuuliza tu unataka mpya ya Kichina au ya mtumba kutoka Japani. Fundi aliye chini ya mwembe huko Tabora ameshafungua injini hiyo mara nyingi kuliko anavyokumbuka.

Hapo ndipo ilipo siri ya bei yake. Anayenunua IST hanunui bati, viti na injini peke yake. Ananunua pia uhakika kwamba akipata shida ya fedha Jumatatu, Ijumaa atakuwa ameshaliuza. Uhakika huo una thamani, na soko linautoza. Kwa mtu anayefanya biashara ya teksi mtandao, au anayejua kwamba baada ya mwaka atataka kupanda ngazi, kulipia wepesi wa kuuza ni matumizi ya haki. Mwalimu wa Njombe anayetaka gari la kumpeleka kazini miaka minane ijayo, au mwenye duka la vifaa vya umeme anayebeba mizigo midogo kila siku, analipia kitu asichokitumia. Kwangu mimi, hilo ndilo kosa linalorudiwa zaidi katika ununuzi wa magari madogo nchini: kila mtu ananunua gari la dereva wa Uber hata kama hana abiria.

Injini za familia ya NZ zilizo ndani ya IST zimo pia katika Platz, Funcargo, Probox, Sienta ya kwanza, Raum ya pili iliyoanza 2003 na baadhi ya Vitz za kizazi cha kwanza. Ni injini za cheni, hivyo hakuna mkanda wa taimingi wa kukatikia njiani, na fundi anayeijua moja anazijua zote. Probox ndiyo ninayoipa alama za juu kwa kazi. Haina mvuto wowote, viti vyake vya nyuma ni vya adhabu, lakini ilitengenezwa kwa ajili ya mawakala wa mauzo na wasambazaji wa Japani, na nyuma inameza mzigo ambao IST haiwezi hata kuuota. Wakenya waliligundua hilo mapema. Huko Probox imebeba kila kitu, kuanzia abiria wa vijijini hadi mirungi ya Meru inayokimbizwa sokoni kabla haijanyauka.

Tahadhari ya ndugu hawa ni moja. Injini ni ya pamoja, bodi si ya pamoja. Kabla ya kutoa fedha kwa ajili ya Platz au Funcargo kwa sababu ni rahisi, pita kwanza Gerezani uulize bei ya taa ya mbele, kioo cha pembeni na bampa. Ukijibiwa kwamba mpaka iagizwe, utakuwa umejua kwa nini gari lilikuwa rahisi.

Vitz na Passo za cc 1,000 ni hadithi nyingine. Mjini zinafaa sana: zinageuka padogo, zinaegeshwa popote, zinakunywa kidogo. Nyingi zina injini ya silinda tatu, na ukiwa peke yako hutajua tofauti hadi ukae kwenye foleni ukasikie mtetemo. Ukizijaza watu wanne, mizigo na kiyoyozi, kisha ukaanza kupanda mlima wa Kitonga kuelekea Iringa, utazima kiyoyozi mwenyewe bila kuambiwa. Anayesafiri mikoani kila mwezi aongeze fedha apate cc 1,300.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji mpaka waulizwe, nalo ni giaboksi ya CVT. IST nyingi za kizazi cha pili, kilichoanza 2007, Vitz nyingi za kuanzia 2005 na Honda Fit zinaitumia. Haina gia za kupanda na kushuka kama otomatiki ya kawaida, inabana mafuta vizuri, na ni laini kuendesha. Lakini inataka oili yake maalumu, na gereji nyingi humimina oili yoyote ya otomatiki iliyopo. Gari litaondoka likitembea, na baada ya miezi kadhaa litaanza kutetemeka linapoanza mwendo. Ndiyo maana Fit, gari zuri lenye nafasi kubwa kuliko wenzake wote wa saizi yake, huuzwa kwa bei ya kutia huruma. Mwenye fundi anayeielewa ataokota dhahabu. Asiye naye aikwepe.

Sasa tuhesabu kodi, kwa sababu hapo ndipo bajeti nyingi hufia. Gari likifika bandarini Dar es Salaam, Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) hutoza ushuru wa forodha wa asilimia 25 ya thamani ya gari pamoja na usafiri na bima. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini: cc zisizozidi 1,000 hazitozwi, kuanzia hapo hadi 2,000 ni asilimia 5. Kisha kuna ushuru wa uchakavu: asilimia 15 kwa gari lenye miaka 8 hadi 10, na asilimia 30 likizidi miaka 10. Mwisho VAT ya asilimia 18 inakuja juu ya jumla yote hiyo. Chukua IST ya cc 1,300 iliyozidi miaka 10 ambayo TRA imeithaminisha kwa shilingi milioni 5. Forodha ni 1,250,000. Ushuru wa injini, unaopigwa kwenye thamani pamoja na forodha hiyo, ni 312,500, uchakavu kwa msingi huohuo 1,875,000, VAT 1,518,750. Jumla inakaribia milioni 5 kamili, na bado hujalipa tozo ya reli, usajili, gharama za bandari na ujira wa wakala. Yaani gari kuukuu hununuliwa mara mbili, mara moja Japani na mara ya pili Dar es Salaam.

Gari la cc hizohizo lililo chini ya miaka 8 halitozwi uchakavu, kwa hiyo kodi hizo hushuka hadi asilimia 55 hivi ya thamani. Tatizo ni kwamba thamani yenyewe ni kubwa. Likithaminishwa kwa milioni 10, kodi ni karibu milioni tano na nusu, na jumla inakuwa zaidi ya kumi na tano dhidi ya kumi ya lile kuukuu. Nia ya serikali ni kuyafukuza magari mazee kwa kodi. Mfuko wa mnunuzi unaendelea kuyaita. Kenya iliamua tofauti, haipokei kabisa gari lililozidi miaka 8. Uganda tangu 2018 imefungia yenye miaka 15 au zaidi. Tanzania haina marufuku hiyo, ndiyo maana IST za 2003 bado zinateremka hapa. Kumbuka pia kwamba TRA inakokotoa kwa thamani yake yenyewe, si kwa ankara ya muuzaji. Kikokotoo kiko kwenye tovuti yake, na mtu anayeagiza bila kukifungua anajitakia.

Anayeagiza mwenyewe adai karatasi ya mnada. Karibu kila gari linalouzwa mnadani Japani hukaguliwa na kupewa alama: 4 ni gari safi la umri wake, 3.5 lina mikwaruzo ya kawaida, R au RA ni gari lililowahi kugongwa likatengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, herufi A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, S ni kutu. Kutu iogopwe kuliko mkwaruzo, kwa sababu mikoa ya theluji hunyunyiza chumvi barabarani na chumvi hula gari kutoka chini, mahali picha za kwenye mtandao hazifiki. Karatasi hiyo pia hutaja kilomita, na hilo ndilo la kulinganisha na zile zilizoandikwa kwenye dashibodi gari likiwa yadi.

Fedha ya mafuta ndiyo inayokula kimyakimya. Tuseme unatembea kilomita 1,500 kwa mwezi na lita ni shilingi 3,000. Gari la cc 1,300 likienda kilomita 12 kwa lita katika foleni za Mandela na Morogoro Road, unachoma 375,000 kwa mwezi, milioni nne na nusu kwa mwaka. La cc 1,000 likienda 15, unachoma 300,000. Tofauti hiyo ni 900,000 kwa mwaka, kiasi cha tairi nne na huduma kadhaa za gereji. Wengi wa teksi mtandao sasa wanafunga mfumo wa gesi asilia; Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) ni miongoni mwa wanaoufunga. Kwa anayezunguka kutwa nzima, gesi hurudisha gharama yake. Kwa anayekwenda kazini na kurudi, mtungi unakula buti lote la gari ambalo tangu mwanzo halikuwa na buti la kujivunia, na foleni ya vituo vya gesi si ya mtu mwenye haraka.

Teksi mtandao yenyewe si mgodi. Mwaka 2022 Uber ilisimamisha huduma nchini baada ya mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, kuweka kikomo cha asilimia 15 kwenye kamisheni, ikarudi mwanzoni mwa 2023 kikomo kilipopandishwa hadi 25. Kwa mwenye gari aliyempa dereva kwa mkataba, akipokea hesabu kila wiki hadi gari liwe la dereva, misukosuko ya namna hiyo humfikia kama hesabu pungufu. Na mikataba ikiisha, gari hurudi sokoni likiwa limeoshwa vizuri. Dalili zake huwa mbili: raba ya pedali ya breki iliyolika upande mmoja, na mlango wa nyuma kushoto, wanakoingilia abiria, unaofungwa kwa kubamizwa wakati mitatu mingine inafunga kwa kidole. Odomita hurudishwa nyuma, bawaba za mlango hazirudishwi.

Anayenunua mkononi kwa mtu ainue pia zulia la sakafuni na anuse. Mvua za Dar es Salaam zimezamisha magari mengi bonde la Msimbazi, na tope lililokauka chini ya viti halitoki kwa sabuni. Aende na fundi wake, si wa dalali. Faini za barabarani zinazodaiwa aziangalie mtandaoni kwa namba ya gari. Kadi halisi aione kwa macho, kwa kuwa kampuni nyingi za mikopo hushikilia kadi kama dhamana, na muuzaji mwenye nakala tu huenda anauza gari ambalo lina mwenyewe mwingine. Mkataba usainiwe kwa wakili, uhamisho ufanyike TRA, na fedha iliyobaki itoke siku jina jipya linapoonekana kwenye mfumo. Cha juu cha dalali kiulizwe mapema, kabla hakijafichwa ndani ya bei.