Kinga, Chanjo na Kingamwili: Istilahi za Elimu ya Kinga kwa Mwanafunzi wa Masisi na Walikale

Utangulizi

Mwanafunzi anayetoka Masisi au Walikale, katika jimbo la Kivu Kaskazini nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, huingia katika darasa la elimu ya kinga akiwa na lugha tatu. Nyumbani amelelewa kwa Kihunde, Kinyarwanda, Kinyanga, Kitembo au Kikumu. Sokoni, njiani na katika zahanati amezoea Kiswahili. Chuoni, iwe ni Goma, Bukavu au Kisangani, mihadhara hutolewa kwa Kifaransa, ambacho ndicho lugha rasmi ya nchi. Kiswahili ni miongoni mwa lugha nne za taifa zilizotajwa katika katiba ya mwaka 2006, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kitshiluba. Hata hivyo, tiba haifundishwi kwa lugha hiyo.

Makala haya yanachunguza maneno machache ya msingi ya elimu ya kinga na kuonyesha ni wapi Kiswahili kinamsaidia mwanafunzi huyo na ni wapi kinaweza kumpotosha. Suala hili si la watunga kamusi peke yao. Daktari au muuguzi aliyehitimu kwa Kifaransa hurudi kuzungumza na mama wa mtoto kwa Kiswahili. Akishindwa kueleza kwa nini mtoto mzima achomwe sindano, chanjo itakataliwa, na kukataliwa huko hugharimu maisha.

Msingi wa somo

Elimu ya kinga huchunguza jinsi mwili unavyotambua kisicho chake na kukabiliana nacho. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza huanza kwa kutofautisha ngazi mbili. Ya kwanza ni kinga ya kuzaliwa nayo: ngozi, ute, homa, na seli zinazomeza vijidudu bila kuchagua. Ngazi hii hufanya kazi katika muda wa dakika na saa chache. Ya pili ni kinga ambayo mwili huipata baada ya kukutana na kijidudu fulani. Hiyo hutegemea chembe nyeupe za damu ziitwazo limfosaiti, nazo ni za aina kuu mbili, B na T. Limfosaiti B huzalisha kingamwili, yaani protini zinazonasa sehemu maalumu ya kijidudu, iitwayo antijeni. Baadhi ya limfosaiti T huua seli zilizokwisha kuvamiwa, na nyingine huratibu mapambano. Ngazi hii huhitaji siku kadhaa, lakini ina sifa moja ambayo ya kwanza haina kwa kiwango hicho, nayo ni kumbukumbu. Kijidudu kikirudi, mwili hukitambua na kujibu upesi zaidi.

Chanjo hutumia sifa hiyo ya kumbukumbu. Huufundisha mwili sura ya adui bila kuuingiza katika ugonjwa wenyewe.

Chanjo: neno lililodumu kuliko mbinu

Nomino "chanjo" imetokana na kitenzi "chanja", chenye maana ya kukata au kupasua, kama vile kuchanja kuni au kuchanja chale na kutia dawa. Neno lilifaa sana zama ambapo chanjo ya ndui ilitiwa kwa kukwaruza ngozi. Leo chanjo nyingi hudungwa kwa sindano, na ya polio inaweza kudondoshwa mdomoni, lakini jina limebaki. Neno la Kifaransa nalo lina historia yake: "vaccin" linatokana na neno la Kilatini la ng'ombe, kwa kuwa mwaka 1796 Edward Jenner alitumia usaha wa ndui ya ng'ombe kumkinga mtoto dhidi ya ndui ya binadamu. Kwa mwanafunzi aliyekulia katika milima ya malisho ya Masisi, asili hiyo ni rahisi kukumbuka mara tu inapofafanuliwa.

Ila neno la Kiswahili lina mtego. Chale za mganga huweza kuwa za kuponya au za kuzuia, na dawa yake hudhaniwa kufanya kazi papo hapo. Chanjo ya hospitali haimponyi aliyekwisha kuugua, wala haimkingi mtu siku ileile.

Kinga na kingamwili

"Kinga" ni neno lenye kazi nyingi. Mtu hukinga maji ya mvua, hukinga uso asipigwe, na husema kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Katika msemo huo, kinga ni uzuiaji wa ugonjwa kwa njia yoyote, kikiwemo chandarua. Kondomu nayo huitwa kinga. Katika maabara, kinga ni uwezo wa mwili wenyewe. Mhudumu wa afya anayetangaza kwamba amekuja "kuleta kinga" anaweza kueleweka kwa namna tatu tofauti katika kijiji kimoja.

Kwa upande mwingine, "kingamwili" ni bora kuliko neno la Kifaransa "anticorps". Neno hilo linafuata istilahi ya Kijerumani iliyotumiwa na Paul Ehrlich mwaka 1891, na likifasiriwa sehemu kwa sehemu linaonekana kumaanisha kitu kinachoupinga mwili. Neno la Kiswahili linasema kinyume chake, na ndilo lenye kweli: ni kitu kinachoukinga mwili. Kasoro yake ni kwamba baadhi ya waandishi hulitumia kwa kinga yote ya mwili, na wengine kwa protini hizo tu.

Ukimwi na sida

Nchini Tanzania na Kenya, jina "ukimwi" limefundisha watu elimu ya kinga bila wao kujua, kwa kuwa ndani yake mna "kinga" na "mwili". Hata mjadala wa urefu wake una faida kisayansi. Wengine husema "ukosefu", wengine "upungufu". Kwa kuwa virusi hupunguza limfosaiti T hatua kwa hatua kwa muda wa miaka, "upungufu" ndilo linaloafiki zaidi. Mashariki ya Kongo watu husema "sida", kifupisho cha Kifaransa. Kwa msikilizaji asiyejua Kifaransa, neno hilo halidokezi lolote juu ya kinga. Mwalimu hana budi kuanza mbali zaidi.

Gharama ya kutoelewana

Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 uliua watu 2,287. Ulifika hata Pinga, wilayani Walikale, mwezi Agosti 2019. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa. Chanjo hiyo huhitaji takribani siku 10 ili kinga ijengeke, ilhali ugonjwa huweza kujitokeza kati ya siku 2 na 21 tangu kuambukizwa. Kwa hiyo, mtu aliyekwisha kuambukizwa aliweza kuchanjwa leo na kuugua wiki hiyohiyo. Asiyefahamu hesabu hiyo angeamini kwamba sindano ndiyo iliyoleta ugonjwa. Aliyesoma elimu ya kinga anajua kwamba chanjo ile hubeba protini moja tu ya virusi vya Ebola, hivyo haiwezi kuleta Ebola.

Mlipuko huohuo ulithibitisha thamani ya kingamwili. Katika jaribio lililofanyika Beni, Butembo, Katwa na Mangina, dawa ya mAb114, iliyotokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995, ilipunguza vifo hadi asilimia 35, ikilinganishwa na karibu asilimia 50 kwa waliopewa ZMapp.

Wakati huohuo, surua iliyoanza kuenea nchini mwaka 2019 iliua zaidi ya watu 6,000, wengi wao watoto. Utafiti uliochapishwa mwaka huo ulionyesha kwamba surua hufuta sehemu ya kingamwili ambazo mtoto alikuwa nazo dhidi ya magonjwa mengine. Aliyepona surua huwa kama aliyesahau alichojifunza. Mfano huu unaeleweka kwa mama yeyote, mradi awe ameelezwa kwanza kwamba mwili una kumbukumbu.

Hitimisho

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na kamusi ya tiba mwaka 2003. Msingi upo. Kinachohitajika ni kuutumia pale ambapo mihadhara ni ya Kifaransa. Inafaa "uzuiaji" litumike kwa hatua za kuepuka ugonjwa, "kinga ya mwili" kwa uwezo wa jumla, na "kingamwili" kwa protini pekee. Aidha, kila mwanafunzi angepaswa kupimwa kwa swali moja la Kiswahili kabla ya kuhitimu: aeleze, kwa lugha ya sokoni Masisi, kwa nini aliyechanjwa jana bado anaweza kuugua leo. Atakayelijibu vyema amelielewa somo, na atasikilizwa.