Kumwendea Mfugaji wa Mbuzi wa Nasaba na Kukubalika Miongoni mwa Wenzake



Chama kimoja cha msingi kiliwahi kuamua, katika mkutano wake mkuu, kutenga fedha za kununua mabeberu wawili wa maziwa kwa manufaa ya wanachama wote. Wajumbe watatu walipanda gari alfajiri, wakafika kwa mfugaji bila taarifa, wakauliza bei kabla ya kuuliza hali, na jioni wakarudi na mabeberu wao. Wote wawili walikuwa wana wa baba mmoja, wala haikuwapo karatasi ya kuonyesha hivyo. Kufika mwaka wa tatu watoto wa mbuzi walianza kuzaliwa dhaifu, maziwa hayakuongezeka, na wanachama waliokatwa fedha katika malipo ya mazao yao wakataka kujua fedha hizo zimekwenda wapi. Mfugaji hakuwadanganya. Hakuulizwa.

Makala haya yana kusudi la kueleza jinsi chama kinavyopaswa kumwendea mfugaji wa mbuzi wa nasaba, na jinsi wanachama wanavyoweza kukubalika katika jamii ya wafugaji wa koo moja, ili hasara ya namna hiyo isitokee tena.

MBUZI WA NASABA NI YUPI?

Mbuzi wa nasaba ni yule ambaye wazazi wake, na babu na bibi zake, wanajulikana na wameandikwa. Rangi peke yake si ushahidi. Toggenburg, aliyetoka katika bonde la jina hilo nchini Uswisi, hutambulikana kwa rangi ya kahawia na michirizi myeupe usoni. Lakini chotara naye aweza kuzaliwa na michirizi hiyo hiyo. Saanen, mweupe, naye asili yake ni Uswisi.

Katika nchi zetu mbuzi hawa wana historia. Mbuzi wa maziwa kutoka Norwe walifikishwa Mgeta, katika milima ya Uluguru mkoani Morogoro, katika miaka ya 1980 kwa juhudi za wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Nchini Kenya, Toggenburg walienezwa sehemu za Meru katika miaka ya 1990, na katika muongo huo huo wafugaji wa mbuzi wa Alpine kutoka Ujerumani walijiunga katika chama chao cha kitaifa, wakawa wanatunza mabeberu kwa vikundi na kuwahamisha kutoka kikundi hadi kikundi. Kote huko wakulima wadogo walifanikiwa pale walipokubali kuwa na kumbukumbu za pamoja.

KWA NINI MFUGAJI HUSITA?

Wengi hulalamika kwamba wafugaji hawa wana maringo. Hebu tutazame jambo hili kwa upande wao. Mbuzi jike huzaa mtoto mmoja au wawili kwa uzazi mmoja, lakini beberu mmoja aweza kuwa baba wa watoto makumi kwa mwaka. Beberu akiangukia mikono mibaya, ubaya huo huenea kijiji kizima, na jina linalotajwa ni la yule aliyemuuza.

Pili, kila mgeni aingiaye bandani aweza kuleta maradhi. Homa ya mapafu ya mbuzi na sotoka ya mbuzi na kondoo huweza kuteketeza kazi ya miaka mingi kwa majuma machache. Tatu, mnunuzi akishapewa mbuzi mara nyingi hutoweka, asirudi hata kusema kama mbuzi yu hai. Mfugaji anayesita, basi, anapima iwapo mgeni huyu ni mtu wa kudumu naye.

BARUA YA KWANZA

Kazi ya kwanza ni ya Katibu. Aandike barua kabla ya safari yoyote, na barua hiyo isianze na bei. Ieleze chama kina mbuzi jike wangapi na wa aina gani, wanalishwa nini, maji yako umbali gani, na nani hasa atamtunza beberu. Mfano wa maneno ya barua ni huu:

“Chama chetu kina wanachama 18 wenye mbuzi jike 40 wa kienyeji. Tumekwisha kupanda majani ya malisho na kujenga banda lenye sakafu iliyoinuliwa. Tungependa kufika kwako watu wawili, siku utakayopanga wewe, tujifunze kabla ya kuomba chochote. Tunaambatanisha orodha ya mbuzi wetu.”

Barua kama hii humwambia mfugaji jambo moja kubwa: kwamba chama kinajua kuandika, na anayejua kuandika leo ataweza kutunza kumbukumbu kesho.

SIKU YA ZIARA

Waende watu wawili, mmoja wao akiwa yule atakayemlisha beberu kila siku. Wasitoke katika banda jingine la mbuzi siku hiyo hiyo na viatu vile vile. Wasiingie bandani wala kushika watoto wa mbuzi mpaka waambiwe, na wakipewa maji yenye dawa ya kuoshea viatu wayatumie bila kunung'unika.

Kwa kuwa beberu hakamuliwi, uwezo wake wa maziwa hutazamwa kwa mama yake na dada zake. Waombe kuonyeshwa mama: kiwele chake kimeshikamana vizuri au kinaning'inia? Chuchu zake zashikika? Miguu yake imenyooka? Kisha waulize maswali yafuatayo, na majibu yaandikwe hapo hapo:

1. Mama yake alitoa maziwa kiasi gani kwa siku, na kwa muda wa siku ngapi? Kipimo cha siku moja nzuri hakitoshi.

2. Beberu huyu ana undugu gani na mabeberu waliokwisha kuuzwa katika wilaya yetu?

3. Je, alizaliwa na pembe? Swali hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Katika koo za Uswisi na jamaa zake, baba na mama wakiwa wote wamezaliwa bila pembe, baadhi ya watoto wanaopaswa kuwa majike huwa huntha wasiozaa. Kwa hiyo mmoja wa wazazi sharti awe amezaliwa na pembe. Tena tukumbuke kwamba mbuzi aliyechomwa pembe utotoni ni mbuzi wa pembe. Ndiyo sababu ya kuuliza, si kutazama tu.

4. Amechanjwa nini na lini, na je, kundi limepimwa ugonjwa wa kutupa mimba? Ugonjwa huo huambukiza hata binadamu kwa maziwa mabichi.

5. Kasoro zake ni zipi? Mfugaji mwaminifu hatakosa kutaja moja, na atawaheshimu kwa kuuliza.

Mfugaji naye akiwauliza maswali, yajibiwe kwa ukweli. Kusema “hilo hatulijui, tufundishe” si aibu. Aibu ni kujidai fundi mbele ya mtu atakayegundua baada ya dakika tano.

KUKUBALIKA

Kukubalika hakununuliwi pamoja na mbuzi. Huja polepole, na hujengwa kwa mambo manne.

Kwanza, kurudisha habari. Watoto wa kwanza wakizaliwa, Katibu amwandikie mfugaji: wamezaliwa wangapi, wa jinsia gani, uzito gani, na wangapi wamekufa. Vifo visifichwe. Mfugaji anayepata habari za kweli hujua mbegu yake inafanyaje katika mazingira mengine, na hiyo ni faida asiyoweza kuipata bandani kwake.

Pili, kusema kweli juu ya damu. Jike wa kienyeji akipandwa na beberu wa nasaba, mtoto ana nusu ya damu hiyo, yaani asilimia 50. Binti huyo akipandwa na beberu mwingine wa nasaba, mtoto hupata asilimia 75. Kizazi cha tatu asilimia 87.5, na cha nne asilimia 93.75. Anayemuuza chotara wa kizazi cha kwanza kwa jina la mbuzi safi humwibia mnunuzi na kuwachafulia wenzake wote jina. Nchini Kenya, Kenya Stud Book huandikisha wanyama kwa ngazi, kuanzia za chini hadi nasaba kamili; hata pasipo na daftari la taifa, daftari la chama laweza kufuata utaratibu huo huo. Madume chotara wahasiwe, wasigeuzwe mabeberu wa kijiji.

Tatu, kuhamisha beberu kwa wakati. Mimba ya mbuzi ni ya siku 150 hivi, na binti aweza kuingia joto akiwa na miezi 4 hadi 6. Beberu aliyeanza kazi Januari huanza kupata mabinti Juni, na kuanzia Oktoba mabinti hao sharti watengwe naye. Kabla hawajafikia umri wa kupandishwa, beberu aende kikundi kingine na mwingine asiye ndugu yake aje. Baba akimpanda binti yake, robo ya vinasaba vya mtoto huweza kukutana vikiwa nakala za asili moja, na hapo ndipo udhaifu uliojificha hujitokeza. Hakuna mwanachama awezaye kuliepuka jambo hili peke yake. Linahitaji vikundi vingi vinavyoaminiana.

Nne, kulipa kwa mbuzi. Wengi wetu twaujua mpango wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Katika mbuzi nako, chama kinachompa jirani mtamba wa kwanza kabla ya kuuza wa pili hujenga jamii ya wafugaji kitakayoihitaji siku beberu wake atakapokufa.

Ndugu Katibu, kabla ya mkutano ujao nunua daftari moja gumu. Ukurasa wa kwanza andika namba ya hereni ya kila mbuzi jike, jina la mwenyewe, na tarehe aliyozaa mara ya mwisho. Daftari hilo likijaa kwa miezi sita mfululizo, mchukue Bwana Mifugo wako alitazame, kisha ndipo uandike ile barua ya kwanza. Mfugaji atakapouliza chama chako kina nini, utakuwa na kitu cha kumwonyesha.